Fundo la baleti lisiondoke na nywele za binti yako

Jumapili moja asubuhi, nikimchana binti yangu ili twende kanisani, niliona kitu ambacho nilipaswa kukiona wiki nyingi kabla. Juu ya masikio yake, pale nywele zinapoanzia, ngozi ilikuwa inaonekana. Vipele vidogo vilikuwa vimejipanga mstari mmoja kama mtu kavipanda. Nilipopagusa, akakwepesha kichwa.

Nikamuuliza panamuuma tangu lini.

"Tangu tulipoanza mazoezi ya onyesho, mama. Lakini si ulisema ukitaka uzuri sharti udhurike?"

Nilisema, ndiyo. Nilikuwa nasema kila Jumamosi saa moja na nusu asubuhi, chanuo mkono mmoja, jeli mkono wa pili, huku nikiwaza foleni ya Barabara ya Mwai Kibaki. Yeye alikaa kwenye kigoda katikati ya magoti yangu, akakunja uso, akanyamaza. Mtoto wa miaka tisa alilichukua neno langu kama sheria, akavumilia mpaka nywele zikaanza kumtoka.

Binti yangu anajifunza baleti, Jumatano jioni na Jumamosi asubuhi. Najua wasomaji wengi watauliza baleti inatuhusu nini. Siku hizi inatuhusu kuliko tunavyodhani. Hapa Dar es Salaam madarasa yapo, Nairobi yapo mengi zaidi, na picha za watoto wa Kibera wakiwa wamesimama kwa ncha za vidole kwenye chumba cha darasa zimezunguka dunia nzima. Na hata kama wako hachezi baleti, kama ni wa sarakasi, wa gwaride la shule au wa kwaya inayotaka wasichana wote wabane nywele kwa mtindo mmoja, haya ninayoyaeleza ni yake pia. Kichwa hakijui kama kinavutwa kwa ajili ya muziki wa Tchaikovsky au kwa ajili ya Siku ya Wazazi.

Tuwatendee haki walimu kwanza. Hawaagizi fundo la nywele ili kututesa. Mchezaji wa baleti anapozunguka, macho yake hung'ang'ania sehemu moja ya ukuta mpaka shingo inaposhindwa, ndipo kichwa hugeuka kwa ghafla na kuirudia sehemu ileile. Nywele zikiachwa wazi zitamchapa machoni, au zitamchapa mwenzake. Tena mwalimu anataka kuiona shingo, mabega na mkao wa kidevu, kwa sababu hayo ndiyo anayoyarekebisha. Mtindo wenyewe una umri mkubwa. Marie Taglioni alipocheza La Sylphide mjini Paris mwaka 1832, alikuwa na nywele zilizotenganishwa katikati, zikalazwa na kufungwa nyuma, na wacheza baleti wameendelea kumfuata mpaka leo.

Shida ni kwamba kanuni hiyo ilitungwa kwa nywele zinazolala zenyewe ukizipitishia brashi. Zetu za kipilipili hazilali, zinalazwa. Ukiukata unywele wetu na kuutazama kwa hadubini, si mviringo kama waya, umebonyea kidogo, na unajikunja tangu ndani ya ngozi. Kila kona ya mkunjo ni mahali ambapo unaweza kukatika. Mafuta ya asili yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hayashuki kirahisi kupitia kona zote hizo, ndiyo maana ncha za nywele zetu ni kavu hata kama kichwa kinang'aa. Na zinarefuka polepole. Nywele za Mzungu huongezeka zaidi ya sentimita moja kwa mwezi, zetu kwa wastani hazifikishi sentimita moja. Kwa hiyo kinachopotea kwa msimu mmoja wa mazoezi kinaweza kuchukua zaidi ya mwaka kurudi.

Ila tusijidanganye kwamba ni tatizo la Waafrika peke yetu. Madaktari walilieleza mapema karne iliyopita, mwaka 1907, na wagonjwa walikuwa wanawake wa Greenland, kule kwenye barafu, waliokuwa wakifunga nywele zao kwa kuzivuta sana. Kuvutwa ni kuvutwa. Lakini sisi tunavuta zaidi na tunaanza mapema zaidi. Huko Cape Town, Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake waliwachunguza watu wazima na wanafunzi, wakachapisha matokeo mwaka 2007. Karibu mwanamke 1 kati ya 3 alikuwa amepoteza nywele kwa kuvutwa. Kwa wasichana wa shule walikuwa takriban 17 katika kila 100. Watoto hao, bila shaka wengi wao hawajawahi hata kuingia kwenye darasa la baleti. Ni kusukwa tu.

Kinachotokea ni hiki. Unywele umeshika kwenye kifuko chake ndani ya ngozi. Ukiuvuta mara moja, ngozi inauma, inapoa, basi. Ukiuvuta kila siku kuelekea upande uleule, kifuko kinavimba. Hapo ndipo unaona vipele, wakati mwingine vyenye usaha mdogo, na nywele fupi zilizokatika pembeni mwa uso. Hatua hii ni ya kushukuru, kwa sababu ukiacha kuvuta, nywele zinarudi. Usipoacha, miaka ikapita, kifuko kinageuka kovu, ngozi inakuwa laini kama kiganja, na hapo hakuna mafuta ya mnyonyo, kitunguu maji wala dawa ya mtandaoni itakayootesha kitu juu ya kovu.

Nalijua hilo la kovu kwa kulitazama kwenye kioo. Nilisuka rasta mfululizo tangu kidato cha tano, zile nyembamba, za kukaa saa nane kwenye stuli na kulala usiku wa kwanza kwa vidonge vya maumivu. Leo panapoanzia nywele zangu pamerudi nyuma vidole viwili kila upande. Mbele kabisa vimebaki vinywele laini vya malaika, nyuma yake uwazi. Daktari wa ngozi aliniambia huo ukingo wa vinywele ndio alama yenyewe wanayoitafuta. Watu hudhani navaa vilemba kwa kupenda vitenge. Navipenda, ndiyo, lakini sikuwa na chaguo. Kwa hiyo Jumapili ile sikulia kwa ajili ya vipele. Nililia kwa sababu nilipajua pale vinapoelekea.

Nilifanya mambo mawili wiki hiyo. La kwanza, nilimpeleka hospitali kuhakikisha si mapunye. Usicheke, kwa sababu mapunye na nywele zilizovutwa huchanganywa mara nyingi, na kwenye madarasa ya ngoma watoto huazimana vitana, vibanio na hata neti. Mapunye huwa na mabaka ya duara, magamba, na nywele zilizokatika karibu kabisa na ngozi, na hayachagui pembeni, hutokea popote kichwani. Yakiwa ndiyo, dawa ya kupaka peke yake haitoshi kwa sababu fangasi wamo ndani ya unywele. Mtoto huandikiwa dawa ya kunywa kwa wiki kadhaa. Wa kwangu hakuwa nayo. Hata hivyo tangu siku hiyo ana mfuko wake wenye zipu, kitana chake, pini zake na neti yake, na hairuhusiwi kumwazima mtu hata rafiki yake wa damu.

La pili, nilikwenda kwa dada anayenisuka, Kinondoni. Hakusubiri nimalize kueleza. Aliniketisha mimi badala ya mtoto, akanibana nywele zangu zilizobaki kwa namna ninayombana binti yangu, akaniacha nikae hivyo kwa muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Sikumaliza kikombe.

Kubana bila kuvuta

Makosa yangu yalianza kabla hata mtoto hajatoka nyumbani. Nilikuwa nalowesha nywele chepechepe ndipo nazibana, nikiamini maji yanalainisha. Maji yanalainisha kweli, lakini unywele uliolowa hunyooka na kurefuka, na ukikauka hujikunja na kurudi. Fundo ulilolikaza likiwa limelowa saa mbili linazidi kujikaza saa nne, mtoto akiwa katikati ya darasa. Juu ya hapo, kwa joto letu la Dar, fundo bichi ndani ya neti halikauki mpaka jioni, linabaki linanuka.

Sasa nanyunyizia maji kidogo kwa chupa ya dawa, kiasi cha unyevu tu, napaka kondishena ya kuacha kichwani, kisha jeli kiasi cha kijiko cha chai kwa kichwa kizima. Nasoma kopo. Jeli ambayo spiriti imetajwa juu kabisa kwenye orodha siinunui, inakausha. Nalaza nywele kwa viganja kwanza, brashi laini baadaye, na sitafuti ule ulaini wa kioo. Mawimbi yakionekana, yaonekane.

Raba bendi zile nyembamba za kufungia noti nimezitupa zote. Zinang'ata unywele na kuukata palepale kila siku. Natumia mpira mpana uliovishwa kitambaa, mizunguko miwili tu. Mkia uliobaki nauchambua mara mbili, nasokota kila upande, nauzungusha kuwa duara bapa, nashika kwa pini zile zenye umbo la herufi U. Hapa kuna siri ambayo wengi hatuijui: pini haichomekwi moja kwa moja kuelekea katikati. Inashika kwanza ukingo wa fundo, halafu inageuzwa na kusukumwa ndani ikishika nywele za chini. Ukifanya hivyo pini sita zinafanya kazi ya kumi na tano, na fundo halihitaji kukazwa kwa sababu limeshikwa. Nilikuwa nakaza kwa sababu sikujua kupiga pini.

Kipimo ni rahisi. Mwambie mtoto anyanyue nyusi, afumbe macho, acheke. Kama ngozi ya paji inagoma, au macho yamevutika kama ya mtu aliyeshtuka, fungua uanze upya. Mkichelewa, mchelewe.

Na fundo lihame. Wiki hii juu, wiki ijayo katikati, nyingine chini karibu na kisogo. Mwalimu wengi hawana shida na hilo siku za mazoezi, wana shida siku ya onyesho tu. Mstari wa kugawa nywele nao uhame.

Jambo ambalo dada msusi alilisema kwa ukali ni kusuka twende kilioni mbichi Ijumaa na kuzivuta kwenye fundo Jumamosi. Mtoto ametoka kusukwa, ngozi inawaka, halafu unamvuta tena kwa juu. Zipewe siku tatu nne zilegee. Na wale wenye nywele za dawa wasidhani wamesalimika eti kwa kuwa zinalala. Dawa ya kulainisha imeshavunja sehemu ya viungo vinavyoupa unywele nguvu. Ukiuvuta baada ya hapo, unavuta kitu kilichokwisha kudhoofika, na uchunguzi ule wa Cape Town uliwaona hao, wenye dawa na kuvutwa pamoja, ndio walioumia zaidi. Kwa mtoto wa miaka tisa dawa ya nini, sijui.

Saa moja ya kwanza baada ya darasa

Hapa ndipo nywele huokolewa au hupotea, na hapa ndipo nilipokuwa mzembe kuliko kote. Darasa linakwisha saa nne na nusu. Kutoka hapo tunapita sokoni, kwa bibi, kwenye kipaimara cha jirani, na fundo liko palepale mpaka usiku. Wakati mwingine alilala nalo, nikiona nimeokoa kazi ya kesho. Mtoto anavutwa saa ishirini kwa darasa la saa moja na nusu.

Siku hizi fundo linafunguliwa kwenye gari kabla sijawasha injini. Nanyunyizia maji kwanza, kwa sababu jeli iliyokauka imegandisha nywele kama gundi na ukivuta pini kavu inatoka na unywele wake. Pini zinatoka moja moja, zinahesabiwa. Tuliweka sita, zitoke sita. Pini iliyosahaulika ikalaliwa usiku inakata nywele na inaumiza kichwa. Mpira nautelezesha kuelekea kwenye ncha huku mkono mwingine umeshika mashina. Ukigoma, tone la mafuta. Ukigoma tena, nakata mpira kwa mkasi mdogo. Mpira unauzwa Kariakoo, nywele haziuzwi. Najua, zinauzwa, lakini mnaelewa ninachosema.

Kisha namkanda kichwa kwa ncha za vidole, si kucha, kuanzia kisogoni kuja mbele, dakika mbili tatu mpaka ngozi itembee juu ya fuvu. Sidai kwamba kukanda kunaotesha nywele. Kunampumzisha, na hapo ndipo ananiambia mambo ya wiki nzima ambayo asingeniambia mezani. Nikikuta mahali anapokwepa, nimejua pa kutopagusa wiki inayofuata.

Nyumbani kuna suala la jasho. Mtoto aliyecheza saa moja na nusu ana chumvi kichwani, na chumvi ikichanganyika na jeli hukauka kuwa unga mweupe. Mama wengi wakiuona hudhani ni mba, wanaanza kukwangua kwa kitana na kupaka mafuta ya mgando mazito juu yake. Mafuta yanafunika uchafu, ngozi inawasha, mtoto anajikuna, vipele vinaongezeka. Ukitaka kujua kama ni mba, suuza. Jeli na chumvi vinaondoka na maji, mba inarudi.

Kwa ratiba yetu ya mara mbili kwa wiki, Jumatano ni kusuuza kwa maji ya vuguvugu tu na kondishena kidogo, na Jumamosi mchana ni shampuu. Shampuu inapakwa kwenye ngozi ya kichwa, si kwenye urefu wa nywele, povu linaloteremka linatosha. Baada ya hapo kondishena nyingi, bila uchoyo, na nywele zinagawanywa mafungu manne. Nachambua kwa vidole kwanza, kisha chanuo lenye meno mapana, nikianzia kwenye ncha na kupanda kidogo kidogo kuelekea kwenye ngozi, mkono wa kushoto umeshika juu ya ninapochana ili mvuto usifike kichwani. Sisi tulichanwa kuanzia kwenye ngozi kushuka chini, kavu, na kofi la bega ukilia. Nadhani nusu ya wanawake wa kizazi changu wanaogopa kitana mpaka leo.

Kukausha ni kwa fulana ya zamani ya pamba, kwa kukandamiza, si kusugua. Draya hatuhitaji. Mafuta yanakuja mwisho, nywele zikiwa bado na unyevu, kwa sababu kazi yake ni kuufungia unyevu ndani. Mafuta juu ya nywele kavu yanafungia ukavu. Ya nazi yanatosha, na hayo yana sifa ambayo bibi zetu wa pwani waliijua bila maabara: yanapenya ndani ya unywele badala ya kubaki juu tu. Machache, kwenye ncha hasa. Pale penye vipele sipaki kitu chochote mpaka vikauke.

Kesho yake

Swali ambalo mama wenzangu wananiuliza zaidi wala si la afya. Ni la sura. Fundo likifunguliwa, nywele hubaki na mkunjo pale mpira ulipokuwa, mbele zimelala kama zimepigwa pasi, nyuma zimesimama. Jumapili mtoto anaonekana kama amechanwa na watu wawili waliokosana. Kishawishi ni kuzibana tena ili kuficha. Usizibane, ndiyo siku yake ya kupumzika.

Jumamosi jioni, nywele zikiwa na unyevu na mafuta yake, nazigawa mafungu nane hadi kumi, nasokota kila fungu kwa nyuzi mbili bila kukaza kwenye shina, mwisho naviringisha kuwa mabutu. Nahakikisha fungu la mbele linasokotwa kuelekea usoni, kinyume cha upande ulikovutwa asubuhi. Juu yake kitambaa cha satini. Si lazima boneti ya dukani, kipande cha bitana ya satini kutoka Kariakoo kikikatwa na kukunjwa pindo kinafanya kazi ileile. Foronya ya pamba hunyonya unyevu wote na kusugua nywele usiku kucha, na pembeni mwa kichwa ndiko kunakosuguliwa zaidi.

Asubuhi yanafunguliwa kwa vidole vyenye mafuta kidogo. Mkunjo wa mpira umekwisha, nywele zina mawimbi sawasawa mbele na nyuma, na anaziachia zikiwa na hedibendi pana ya kitambaa. Jumatatu shuleni anakwenda na vitwisti vilevile vilivyolegea. Kama shule ya mwanao inataka twende kilioni, ongea na msusi aanze mstari sentimita moja nyuma ya ukingo wa nywele, aache vinywele vya mbele huru.

Wapo pia watoto ambao shule zao zinataka wanyoe, na kwa shule nyingi za serikali ndiyo sheria. Mzazi mmoja aliwahi kuniambia hampeleki binti yake baleti kwa sababu hana nywele za kufunga. Mpeleke! Kichwa kilichonyolewa ndicho kisafi kuliko vyote kwa dansi, shingo inaonekana yote, na kwenye picha zile za Kibera wapo wasichana wenye nywele fupi kabisa wanaopendeza kuliko fundo lolote. Nywele bandia za kumtengenezea mtoto fundo lisilokuwepo, zile za kushonewa au kubandikwa kwa gundi, ni uzito juu ya nywele zisizo na nguvu za kubeba.

Lilibaki la mwalimu. Niliogopa, nakiri. Orodha ya sare ilisema fundo laini, la juu, bila unywele uliosimama, na mimi nilikuwa naomba nafuu katikati ya mazoezi ya onyesho. Nilimngoja nje ya mlango, nikampa shikamoo yake ingawa tunakaribiana umri, nikamwonyesha. Alimwita mtoto, akamgeuza kichwa kwenye mwanga, akanyamaza kidogo. Akasema kwa wiki nane anaruhusiwa kuja na vitwisti vilivyokusanywa nyuma kwa kitambaa, mradi uso uwe wazi na kitu kisimrukie machoni. Jumamosi iliyofuata watoto wengine wanne walikuja hivyohivyo. Inaelekea mama zao walikuwa wameona walichoona, kila mmoja kwake, wakanyamaza kama mimi. Baleti yenyewe imeshaanza kulegeza mengi. Kampuni ya Dance Theatre of Harlem ya New York iliacha kuwavalisha wachezaji wake soksi za waridi tangu miaka ya sabini, ikawapa za rangi ya ngozi zao, na Uingereza viatu vya kusimamia vidole vya rangi ya kahawia vilianza kutengenezwa kiwandani mwaka 2018 kwa ushirikiano na kampuni ya Ballet Black. Kama viatu vimefuata ngozi, nywele nazo zinaweza kuzungumzwa.

Vipele vilikauka wiki ya pili. Nywele zilichelewa. Mwezi wa pili hapakuwa na kitu, nikaanza kumulika kwa tochi ya simu akiwa amelala. Mwezi wa tatu niliona vivuli. Ilipofika siku ya onyesho, mwezi wa tano, pembeni mwa uso wake kulikuwa na ukingo mzima wa nywele mpya, fupi kama za mtoto mchanga, zilizokataa katakata kulala. Nyuma ya jukwaa mama mmoja aliyejitolea kusaidia watoto alikuja na kopo la jeli na mswaki, akataka kuzilaza. Binti yangu akaweka viganja viwili juu ya masikio, akamwambia kwa adabu kabisa, "Samahani mama mkubwa, hizo tunazilea."

Alipanda jukwaani hivyo. Kwenye picha zote za siku ile, taa zikimpiga kwa nyuma, zinaonekana zimesimama.